Makabidhiano ya Besi

Mtu anayecheza dansi saa tatu mfululizo pasi na muziki kukatika aghalabu hudhani kwamba kazi ya dijei ni kuchagua nyimbo nzuri na kuzipanga moja baada ya nyingine. Na kweli uchaguzi ndio nguzo ya kazi hiyo, wala hapana ustadi wa mikono uwezao kuuokoa usiku uliochaguliwa nyimbo mbovu. Lakini iko sehemu ya pili, ambayo kwa kuwa ikifanywa vyema haisikiki, wachache huijadili: nayo ni ile dakika moja, au pungufu, ambamo wimbo unaokwisha na wimbo unaoingia husikika kwa pamoja. Wengi waifundishao huanza kwa kulinganisha kasi, wakaishia papo hapo. Mimi naona kulinganisha kasi ni sharti la kuingia kazini tu, na kwamba mpito hufaulu au huharibika kwa jambo jingine, yaani ni wimbo upi ulioshika besi, na umeishika mpaka lini.

Fani hii ilianza kwa nyimbo ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Francis Grasso, aliyekuwa akipiga santuri katika klabu ya Sanctuary mjini New York takriban mwaka 1970, ndani ya jengo lililokuwa zamani kanisa, alikuwa na santuri za roki na soul, kazi ya wapiga ngoma ambao kasi yao ilipanda walipochangamka na kushuka walipolegea. Aliweka kitambaa cha sufu chini ya santuri, akaizuia kwa kidole ilhali sahani ya mashine ikiendelea kuzunguka chini yake, kisha akaiachia sawasawa na pigo alilolikusudia. Kwa ufundi huo aliweza kuzifuatanisha santuri mbili kwa muda, ila mkono wake haukuwa na raha, maana zilikuwa tayari kuachana wakati wowote.

Yaliyofuata yaliipunguza tabu hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuza santuri ya inchi 12 ya wimbo Ten Percent wa kundi la Double Exposure, uliorefushwa na Walter Gibbons, naye mwenyewe dijei, ukawa wa karibu dakika 10. Na santuri kubwa hivyo kwa wimbo mmoja iliruhusu michirizi mipana, ambayo ndiyo ibebayo besi nzito bila sindano kuruka. Mwaka 1979 ikaja mashine ya Technics SL-1200MK2, yenye kitelezo cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Kisha zikaja mashine za ngoma, kama Roland TR-909 ya mwaka 1983, ambazo hazichoki wala hazichangamki, na watungaji wa house wa Chicago na wa techno wa Detroit wakazijengea nyimbo zao. Nao wakijua santuri zao zitapita mikononi mwa nani, wakazoea kuacha ngoma tupu mwanzoni na mwishoni, bila sauti ya mwimbaji wala kinanda, ili mwenye kuchanganya apate nafasi ya kufanyia kazi. Basi mpito uliokuwa maarifa ya dijei peke yake ukaingia ndani ya utunzi wenyewe.

Hisabati yake si ngumu. Tuseme wimbo unaochezwa una mapigo 128 kwa dakika, na unaoingia una 125. Zikiachwa hivyo, baada ya sekunde 10 tu pigo la huu litaangukia katikati ya mapigo mawili ya ule, na mchezaji atajikwaa bila kujua sababu. Kwa hiyo unaoingia huongezwa kasi kwa asilimia 2.4. Mapigo manne manne, ambayo hapa nitayaita duru, kwa kasi hiyo huchukua sekunde 1.875, duru 16 ni nusu dakika, na duru 32 ni dakika kamili. Muziki huu hubadilika kwa mafungu ya duru 8 au 16, basi pigo la kwanza la wimbo mpya sharti liangukie pigo la kwanza la fungu katika wimbo wa zamani. Mapigo yakilingana na mafungu yakapishana, hakuna kitakachogongana, lakini mambo yatatokea mahali yasipotarajiwa, na ukumbi utapoa.

Sasa tufike kwenye besi. Ngoma kubwa ya muziki huu hutetemesha hewa takriban mara 50 hadi 100 kwa sekunde, na gitaa la besi huishi jirani na hapo hapo. Sauti nyembamba mbili zaweza kukaa pamoja, kwa kuwa sikio huzitenga upesi; sauti nene mbili hazikai. Zikipigwa pamoja, mara huongezana hata spika zikanguruma, mara hukatana hata pigo likadhoofika, na noti zisizopatana hufanya mtikisiko mchafu unaosikika kifuani kabla ya sikioni. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana miksa ina kitufe cha besi kwa kila wimbo, nacho ni kitufe kinachostahili kujifunzwa kabla ya vingine vyote.

Mpito mrefu hufanywa hivi. Dijei huusikiliza wimbo mpya kwa hedifoni, akautafutia kasi, kisha huuachia mwanzoni mwa fungu, kitufe chake cha besi kikiwa kimezungushwa kushoto mpaka mwisho. Katika duru 8 za mwanzo, yaani sekunde 15, hupandisha kitelezo cha sauti taratibu, ukumbi ukasikia matoazi na vikorombwezo vya juu tu, ukadhani wimbo uliopo umeongezwa ala. Fungu lipitapo, kwa pigo la kwanza la fungu lifuatalo, mikono yote miwili huzunguka kwa pamoja: mmoja huondoa besi ya zamani, mwingine hufungulia mpya. Hayo ndiyo makabidhiano. Baada yake wimbo wa zamani husalia na sauti zake za kati na za juu kwa duru 8 au 16 nyingine, ukipunguzwa mpaka uishe. Sauti za kati zina hatari yake, maana ndimo mwimbaji alimo, na waimbaji wawili wakiimba maneno mbalimbali kwa wakati mmoja ni kosa lisilosameheka hata kama besi imekabidhiwa kwa heshima.

Ipo namna nyingine ninayoipenda zaidi, nayo ni kuziondoa besi zote mbili kwa duru 8 kabla ya kuirudisha ile mpya. Kwa sekunde 15 ukumbi hauna sakafu. Miguu huendelea kwa kumbukumbu, na besi irudipo hupokewa kwa nguvu ambayo isingekuwapo lau haikuondolewa. Lakini dawa hii hupoteza makali ikitumiwa kila wimbo. Anayetaka kusikia subira katika mambo haya na asikilize Northern Exposure ya Sasha na John Digweed, ya mwaka 1996, ambamo nyimbo huingiana polepole kiasi cha kumshinda msikilizaji kusema ni wapi mmoja ulipokoma.

Kinyume chake kabisa ni Jeff Mills wa Detroit, aliyerekodiwa mwaka 1995 katika ukumbi wa Liquid Room mjini Tokyo. Akiwa na mashine tatu za santuri alipitisha zaidi ya nyimbo 30 kwa muda wa saa moja na dakika chache, yaani wastani wa dakika mbili kwa kila mmoja, nyingine pungufu sana ya hapo. Kwake besi hainyang'anywi mara moja ikabaki. Huchukuliwa kwa pigo la kwanza, ikarudishwa, ikachukuliwa tena, na wimbo wa tatu ukaingilia kati kabla sikio halijazoea wa pili. Sindano husikika ikikwaruza, na mara kwa mara mapigo huteleza kidogo kisha mkono ukayavuta. Mimi rekodi hiyo naihesabu kuwa darasa bora kuliko nyingi zilizosafishwa, kwa kuwa msikilizaji huusikia uamuzi unapofanywa: kila wimbo hupewa muda wa kusema jambo lake moja, ukisha kulisema huondolewa, ungawa mzuri.

Mwangwi na vichujio vya sauti navitaja kwa ufupi. Kuuachia wimbo upotee ndani ya mwangwi kunafaa sana pale kasi zinapotofautiana mno, kwa mfano kutoka mapigo 125 kwenda 174, ambapo hapana kitelezo kitakachoziunganisha; kufanya hivyo kila mara ni kukwepa kazi. Ufunguo wa muziki nao haupuuzwi: kwenye santuri, kuongeza kasi kwa karibu asilimia 6 hupandisha sauti kwa nusu toni, hivyo nyimbo zilizopatana zaweza kukosana. Kompyuta za leo huzuia hilo, tena hulinganisha kasi kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo silioni kuwa haramu maadamu muda uliookolewa umetumiwa kusikiliza besi.

Singeli ya Dar es Salaam, inayofika mapigo 200 kwa dakika na kuyapita, huzitia hesabu hizi majaribuni. Kwa kasi hiyo duru 16 huisha kwa sekunde 19 tu, na duru 8, ambazo katika house ni muda wa kutosha kupandisha kitelezo kwa utulivu, hazifiki sekunde 10. Mwenye kutaka mpito mrefu hapo hana budi kuzidisha idadi ya duru, akarudia kipande cha ngoma tupu mara mbili au tatu kwa mashine. Na asiyetaka, na akate kwa pigo la kwanza la fungu kama alivyofanya Mills, huku mkono wa pili umekwisha kufika kwenye kitufe cha besi kabla ya pigo lenyewe, maana pigo la pili litafuata kwa chini ya theluthi moja ya sekunde.