Kebo ya Mkono Wako

Muziki wa dansi wa Tanzania na wa Kongo umesimama juu ya magitaa ya umeme yanayojibizana: solo, rithm, besi, na mara nyingi solo ya pili. Tangu OK Jazz ilipoanzishwa Léopoldville mwaka 1956 na NUTA Jazz Dar es Salaam mwaka 1964, wapenzi wamewasifu waimbaji, watunzi na wapigaji, na wenye masikio makali zaidi wakasifu hata gitaa lenyewe na amplifaya yake. Kebo inayoviunganisha viwili hivyo haina msifiaji. Hutajwa siku inapokata sauti katikati ya wimbo, na hapo hutajwa kwa laana. Nataka kuisifu hapa kazi ya kuitengeneza kebo hiyo nyumbani. Wengi wakiulizwa faida ya kazi hiyo hutaja kwanza fedha zinazookolewa, kisha ubora wa sauti. Mimi naona ipo faida kubwa kuliko hizo mbili: katika safari nzima ya sauti, kutoka kidoleni hadi kwenye spika, kebo ndiyo sehemu ambayo mwanamuziki asiyesomea umeme anaweza kuielewa yote, kuiunda yote na kuitengeneza yote inapoharibika.

Tuanze na kilichomo ndani yake. Pikapu ya gitaa ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mizunguko kwa maelfu. Uzi wa gitaa ukitikisika juu yake, huzaliwa umeme mdogo sana, mara nyingi usiofikia volti moja. Umeme huo dhaifu unatakiwa kusafiri mita tatu, tano au kumi katika ukumbi uliojaa nyaya za umeme wa nyumbani, unaotikisika mara 50 kwa sekunde na kumwaga mngurumo wake kila upande. Ndiyo maana kebo ya gitaa imeundwa tofauti na waya wa taa. Katikati kuna waya mmoja wa shaba uliofunikwa kwa plastiki, na plastiki hiyo imezungukwa pande zote na msuko wa nyuzi za shaba, ambao hunasa mngurumo na kuupeleka kwenye ethi kabla haujaufikia waya wa kati. Kebo nzuri huwa na tabaka jingine katikati ya plastiki na msuko, jembamba na jeusi, linalopitisha umeme kidogo. Kazi yake ni kuiondoa chaji inayozuka kebo inapokanyagwa au kupindwa. Pasipo tabaka hilo, mpigaji anayependa kucheza jukwaani husikika nyayo zake kwenye spika.

Muundo huo una gharama yake, na hapa ndipo kazi hii inapoanza kumfundisha mtu kitu. Shaba ndani, shaba nje, plastiki kati yake: hiyo ni kapasita, iliyonyooshwa urefu wote wa kebo. Kebo nyingi za gitaa zina kapasita ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita; zipo za 70 na zipo za 150. Kapasita hiyo hushirikiana na koili ya pikapu kuamua sauti kali zianze kufifia wapi. Chukua pikapu ya koili moja yenye heniri mbili na nusu hivi. Kwa kebo ya mita tano, kilele cha sauti yake hukaa karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Irefushe kebo hiyohiyo ifike mita kumi, na kilele kinashuka hadi karibu 3,000. Sikio halihitaji kipimo kuligundua jambo hilo: solo iliyokuwa inachoma inakuwa na ukungu, na mpigaji huanza kuzungusha vifundo vya amplifaya akitafuta kitu kilichopotelea sakafuni. Anayetengeneza kebo yake huikata kwa urefu anaouhitaji. Anayenunua hupewa urefu uliopo dukani.

Jeki iliyo kwenye kila mwisho wa kebo ina historia ndefu kuliko gitaa la umeme. Ile ya milimita 6.35 tunayoichomeka leo ilitoka kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, ambako waendeshaji waliichomeka na kuichomoa kutwa nzima wakiwaunganisha wateja. Umbo lake limedumu kwa sababu ni rahisi: ncha hubeba sauti, mwili hubeba ethi, na ukiifungua unaona kila kitu kwa macho.

Kazi ya mkono ndiyo hii. Kwanza kifuniko cha jeki huvishwa kwenye kebo kabla ya chochote kingine, maana baada ya kuchomelea hakipiti tena. Gamba la nje hukatwa kwa kisu kikali kinachozungushwa taratibu, bila kugusa msuko, kwa kuwa kila uzi wa shaba unaokatwa hapo ni kinga iliyopungua. Msuko hufumuliwa, hukusanywa upande mmoja, husokotwa na kupakwa lehemu. Kisha lile tabaka jeusi humenywa na kurudishwa nyuma milimita kadhaa. Wengi hawaijui hatua hii. Tabaka hilo hupitisha umeme, basi likiachwa liguse kiungo cha ncha, sauti huvuja kidogo kidogo kwenda kwenye ethi, kebo hutoa sauti iliyofifia, na aliyeichomelea huapa kwamba kila kitu kimefungwa sawasawa. Baada ya hapo hufuata chuma cha moto. Kinachopashwa moto ni mguu wa jeki pamoja na waya. Lehemu huguswa hapo penye joto, ikayeyuka na kutambaa yenyewe. Lehemu ya bati na risasi kwa uwiano wa 63 kwa 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, hivyo sekunde mbili tatu zinatosha. Ukichelewa, plastiki ya ndani hulainika na waya wa kati husogea hadi kuugusa msuko. Ukiwahi kuondoa chuma, kiungo hupoa kikiwa kimekunjamana na chenye punje. Hicho hushika leo na huachia kesho. Kiungo kizuri cha lehemu ya aina hii hung'aa na kuteremka kwa mteremko laini kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Mwisho, meno ya jeki hubanwa juu ya gamba la nje, ili kebo ikivutwa, mvuto uishie kwenye gamba na usifike kwenye lehemu.

Naitaja hatua hiyo ya mwisho kwa mkazo kwa sababu kebo nyingi hufia hapohapo, kwenye sentimita chache zinazotoka ndani ya jeki, mahali panapopindwa kila siku. Kebo ya dukani ambayo jeki yake imemiminiwa mpira haifunguki. Ikikatika hapo mpirani, mita tano za shaba nzima hutupwa kwa ajili ya kosa lenye ukubwa wa ukucha. Kebo yenye jeki za kufungua hukatwa sentimita kumi, humenywa upya, huchomelewa, na usiku uleule inapigiwa muziki. Kwetu pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwani hewa ya chumvi hupenya ndani na kuifanya shaba kuwa nyeusi, na shaba nyeusi haishiki lehemu. Aliyezoea kazi hii hukata tena na tena mpaka aikute shaba inayong'aa, na anajua kwa nini anakata.

Kuna wasemao kwamba kazi hizi zina wenyewe: fundi redio yupo mtaani, na mwanamuziki apige muziki wake. Namheshimu fundi redio kuliko wengi wanaomtaja, lakini hayupo ukumbini saa sita za usiku. Pia fundi huletewa kebo bila historia yake. Mwenye kebo ndiye aliyeisikia ikikwaruza alipogeuka kushoto, na akiwa na maarifa madogo tu ataweka mita ya kupimia umeme kwenye jeki mbili, aipinde kebo polepole, na aone ni wapi mlio unakatika. Ncha kwa ncha ilie, mwili kwa mwili ilie, ncha kwa mwili inyamaze. Hayo ni maarifa ya jioni moja.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la ubora: kiwanda kina mashine na vipimo, mkono wa mtu utakishindaje? Kwa upande wa kebo tupu, haukishindi, na hakuna anayesuka shaba nyumbani. Tunanunua kebo ya kiwandani kwa mita. Tunachokifanya wenyewe ni viungo viwili vya mwisho, na hapo mtu makini anayetengeneza kebo moja kwa nafasi yake hana sababu ya kushindwa na mtu anayetengeneza nyingi kwa haraka. Zaidi ya hapo, kazi hii humkinga mtu na maneno ya wauzaji. Zipo kebo zinazouzwa kwa bei ya gitaa zima kwa madai ya usafi wa shaba yake. Mita tano za waya wa kati wa kawaida zina ukinzani usiofika omu moja, wakati pikapu inayozilisha ina omu elfu kadhaa. Tofauti ya usafi wa shaba haiwezi kusikika katika hesabu hiyo. Kinachosikika ni kapasita ya kebo, ubora wa msuko na uzima wa viungo, na vyote vitatu vinapatikana kwa bei ya kawaida kwa anayejua cha kuuliza.

Wapo pia wanaosema redio zisizotumia waya zimekwisha kulimaliza jambo hili. Hata hizo, kipokezi chake huungwa na amplifaya kwa kebo, na pedali huungwa na pedali kwa kebo fupi. Wengine huogopa madhara ya risasi iliyo kwenye lehemu, na hofu hiyo ni ya haki. Moshi unaopanda hutokana zaidi na utomvu ulio ndani ya lehemu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe hubaki vidoleni, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kula na watoto wakae mbali.

Mipaka ya kazi hii lazima isemwe bila kificho. Kebo ya gitaa hubeba umeme usioweza kumdhuru mtu, ndiyo maana ni mahali pazuri pa kujifunzia. Waya wa umeme wa ukutani ni wa fundi mwenye leseni. Kebo ya spika nayo, ingawa jeki yake inafanana kabisa na ya gitaa, inahitaji nyaya mbili nene zisizo na msuko, na kuzibadilisha nafasi ni kuhatarisha amplifaya. Ya maikrofoni, yenye pini tatu, ni hatua inayofuata kwa aliyekwisha kuizoea ya gitaa: pini ya 1 ni ethi, ya 2 hubeba sauti, ya 3 hubeba sauti ileile iliyopinduliwa. Kelele ikiingia njiani huziingia nyaya zote mbili sawa, na mikisa inapochukua tofauti yake, kelele hujifuta. Ndiyo maana kebo ya maikrofoni inaweza kuvuka kanisa zima bila kunguruma, wakati ya gitaa huanza kulalamika ikirefuka.

Viongozi wa bendi na walimu wa kwaya, katika sanduku la vyombo vyenu wekeni chuma cha kuchomelea, lehemu, kisu, mita na jeki nne za kufungua. Kisha wachagueni vijana wawili, muwape ile kebo mbovu iliyotupwa nyuma ya spika, na muwaache waifungue.