Mnara wa Iskandaria na Jicho la Mpita Njia

Meli za kitalii zitiazo nanga Iskandaria aghalabu huwasili asubuhi na kung'oa jioni. Abiria wengi hupandishwa mabasi wakapelekwa Cairo kutazama mapiramidi, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Wasaliao huzungushwa ngome ya Qaitbay, nguzo iitwayo ya Pompey na maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2002. Yaandikwayo baada ya ziara hizo mara nyingi ni orodha tupu: tulionyeshwa hiki, tukapelekwa pale. Kisha hulaumiwa uchache wa saa. Lawama hiyo haina haki, na shahidi wa kuipinga ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier.

Aliingia Iskandaria mwaka 1326, naye ni kijana wa miaka 22. Alipoujia mnara wa taa, uliohesabiwa na watu wa kale miongoni mwa maajabu ya dunia, alianza na mlango. Aliuona uko juu ya ardhi, na mkabala wake pana jengo la kimo hichohicho. Baina ya viwili hivyo hulazwa mbao za kupitia, nazo zikiondolewa hapana awezaye kuingia. Akapima upande mmoja wa mnara, akapata shubiri 140. Akaona pia kwamba upande mwingine umekwisha bomoka. Sifa za ukuu wa mnara huo zimeandikwa na wengi, na nyingi hazitofautiani; mbao zile ni zake yeye.

Kitabu chenyewe kina kasoro. Kilikamilika mwaka 1355 kwa kalamu ya Ibn Juzayy, aliyeandika yale aliyosimuliwa, akatia na saji yake. Ndiyo maana mji unapotajwa mara ya kwanza msomaji humiminiwa vito na mabibi harusi, mapambo yawezayo kuvishwa mji wowote. Msomaji mvumilivu ayapite upesi. Ibn Jubayr, aliyeteremka bandarini hapo mwaka 1183 kutoka katika meli ya Wajenoa, ana moto zaidi: hasira zake juu ya maofisa wa forodha waliopekua mizigo ya mahujaji ni miongoni mwa kurasa hai za safari yake.

Nguzo ya Pompey (ambayo haikuwa ya Pompey hata kidogo, bali ilisimamishwa kwa heshima ya Diocletian) Waarabu waliiita Amud al-Sawari. Neno sawari huweza kuwa nguzo, tena huweza kuwa milingoti, na kwa mji wa mabaharia mfasiri angefanya vyema kuchagua la pili. Ibn Battuta anaieleza ikiwa kati ya mitende, akaongeza kisa cha mpiga mishale aliyerusha uzi juu yake, akavuta kamba, akapanda na kuketi kileleni.

Msomaji wa pwani ana sababu yake ya kuliamini jicho hili. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, akielekea Kilwa. Katika usiku huo aliona misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, visima milangoni mwake, kata ya mti yenye mpini wa kutekea maji, na watu waendao miguu mitupu wakiosha nyayo kabla ya kuingia. Kata hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Mvita.

Mwaka 1349 alirudi Iskandaria, akaukuta mnara umeharibika hata haiwezekani kuingia wala kuufikia mlango. Analisema hilo kwa maneno machache, bila machozi wala beti. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome yake mahali palepale, nayo ndiyo waonyeshwayo abiria wa leo kabla ya honi ya jioni.