Theluji ya Kilimanjaro na mahindi ya Peramiho: tuitazame upya filamu ya Al Gore

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Peramiho. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku tisa, mahindi yalikuwa yamefika magotini na yameanza kukunja majani mchana, na shambani hakukuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri. Basi jioni moja nikafungua kompyuta, tukakaa sebuleni, tukaangalia *An Inconvenient Truth*, ile filamu ya makala ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Davis Guggenheim, ambamo Al Gore anaueleza ulimwengu habari ya ongezeko la joto duniani. Mimi nilikuwa natafsiri kwa sauti.

Baba mdogo aliangalia mpaka mwisho bila kusinzia, jambo ambalo kwake si la kawaida. Kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo theluji ya Kilimanjaro ikiisha, haya mahindi yangu yanahusika vipi?"

Nina shahada ya uzamili, na mabadiliko ya tabianchi ndiyo chakula changu cha kila siku. Nikababaika. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa usiku ule, na pia ni ukosoaji wa filamu ambayo wengi wetu tuliionyeshwa shuleni, tukaipenda, tukaacha kuiuliza maswali.

Kwanza, haki yake

Tusiwe wachoyo. Filamu hii ilifanya kazi kubwa. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2007, na mwaka huohuo Gore na IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, wakashirikiana Tuzo ya Amani ya Nobel. Kiini chake ni sahihi: tunachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hewa ukaa inaongezeka angani, na hewa hiyo inazuia joto lisitoke kirahisi kwenda anga za juu.

Sehemu bora kuliko zote ni grafu. Gore anaonyesha vipimo vya hewa ukaa vilivyoanza kuchukuliwa mwaka 1958 kule Mauna Loa, Hawaii, halafu vipimo vya miaka 650,000 kutoka kwenye barafu ya Antaktika, na anapanda jukwaa la kuinuliwa ili kufikia mahali ambapo mstari unaelekea. Wakati filamu inatoka, kiwango kilikuwa kama sehemu 380 kwa kila milioni ya hewa. Leo kimepita 420. Yaani kwenye jambo la msingi, hakuna aliyedanganywa.

Tatizo linaanza anapotoka kwenye grafu na kuja kwetu.

Mlima uliopewa tarehe ya kufa

Afrika Mashariki inapita haraka sana kwenye filamu hii. Kilimanjaro inaonekana kwa picha chache, ya zamani yenye kofia kubwa nyeupe na ya karibuni yenye kofia iliyochakaa, kisha tunaambiwa kwamba ndani ya muongo mmoja theluji hiyo itakuwa imekwisha.

Hebu hesabu. 2006 jumlisha kumi ni 2016. Ule mwaka ulipita. Barafu ipo.

Gore hakulitoa hili hewani. Mwaka 2002, Lonnie Thompson na wenzake walichapisha katika jarida la *Science* utafiti wa barafu waliyoichimba kileleni, wakakadiria kwamba kama mwendo ule ungeendelea, ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Lakini makadirio yana sharti ndani yake, "kama mwendo ukiendelea". Filamu ililitoa sharti, ikabakiza tarehe.

Sasa usikimbilie upande wa pili. Barafu inaisha kweli. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takribani asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa ripoti inayosema kwamba barafu za Afrika, Kilimanjaro ikiwamo, zinaelekea kutoweka ifikapo 2050. Kinachobishaniwa ni sababu, na hapo ndipo filamu ilipokata kona.

Kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu haiyeyuki kirahisi kwenye baridi hiyo. Mwaka 2004 Georg Kaser na wenzake walieleza kwamba sehemu kubwa ya upotevu ulianza mwishoni mwa karne ya 19, kabla magari na viwanda havijaongeza joto la dunia kwa kiasi kinachoonekana. Hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, mawingu yakapungua, theluji mpya ikawa haba, na jua likawa linazipiga kuta za barafu moja kwa moja. Barafu nyingi ilikuwa inageuka mvuke bila kupitia hatua ya kuwa maji, kama nguo iliyoganda inavyoweza kukauka kwenye kamba. Thompson naye alijibu kwa ushahidi wake: tabaka za juu za barafu zina dalili za kuyeyuka ambazo hakuziona kwenye tabaka za chini za maelfu ya miaka. Na wapo wanaosema kwamba Bahari ya Hindi ndiyo inayopeleka unyevu kileleni, na bahari hiyo nayo inabadilika kadiri dunia inavyopata joto.

Huo ni mjadala mtamu wa sayansi. Watazamaji walipewa sentensi moja. Mwaka 2007 kesi ilifunguliwa Uingereza kuhusu kuionyesha filamu hii mashuleni. Jaji Burton alisema kwa ujumla filamu ni sahihi, ila akaorodhesha mambo tisa ambayo hayakulingana na sayansi iliyokubalika wakati huo. Kilimanjaro lilikuwa mojawapo.

Nairobi nayo

Mahali pengine Gore anataja Nairobi kama mji uliojengwa juu ya mstari wa mbu, kwamba zamani baridi ya nyanda za juu iliwazuia mbu na sasa joto linawapandisha. Hadithi nzuri, ila historia inaipinga. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi yenye vinamasi, na malaria iliusumbua mji huo katika miongo yake ya mwanzo. Ilipungua kwa kukausha madimbwi, dawa na udhibiti wa mbu.

Swali la kama joto linaongeza malaria kwenye nyanda za juu ni la kweli, na watafiti wamelibishania sana, hasa kwa takwimu za Kericho. Lakini ukilijenga juu ya historia isiyo sahihi, anayeijua Nairobi atakuacha hapohapo.

Kwa nini nakasirika

Utaniambia, mwandishi, hayo si makosa madogo ndani ya ujumbe mkubwa wa kweli? Nami niliwahi kusema hivyo. Siku hizi napokea kwenye makundi ya WhatsApp picha za Kilimanjaro ikiwa nyeupe tii, na chini yake maneno ya aina moja: "Walisema itaisha, mbona ipo?" Anayeituma hajui kwamba theluji iliyoanguka juzi na barafu ya kale ni vitu viwili, na kwamba mlima unaweza kuwa mweupe Aprili na bado barafu yake ikawa inakufa. Lakini nani alimfundisha kuutazama mlima kama saa ya ukutani? Ni sisi, wenye projekta.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kutoka hapa Peramiho hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Msumbiji iko karibu sana kuliko Moshi. Kule wana vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukiukosa huo unasubiri mwaka mzima. Hata El Nino haitutendei sawa. Kaskazini mwa nchi kwa kawaida huja na mvua nyingi, kama zile za 1997 na 1998. Kusini mwa Afrika kwa kawaida huja na ukame. Sisi Ruvuma tuko mlangoni, katikati ya tabia hizo mbili.

Hili nililijua darasani, lakini mwaka 2023 El Nino ilipotangazwa nilimpigia simu baba mdogo kutoka chuoni nikamwambia ajiandae, mvua zitakuwa kubwa. Akaniuliza, "Hapa kwetu au huko kwenu Dar?" Nikaguna tu. Msimu uleule Hanang ilipata maporomoko ya tope Desemba 2023, na miezi michache baadaye Zambia, Malawi na Zimbabwe zikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwaka mmoja, El Nino moja. Picha moja ya mlima haiwezi kuwasemea watu wa pande zote hizo.

Picha ambazo zingetufaa

Ukosoaji usiotoa mbadala ni kelele, kwa hiyo hizi hapa mbili.

Ya kwanza ni mahindi. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichambua zaidi ya majaribio 20,000 ya mahindi yaliyofanyika Afrika. Walihesabu joto linalozidi nyuzi 30. Chukulia siku nzima iliyokaa kwenye nyuzi 31, au saa zenye joto kali zinazojumlishwa mpaka zilingane nayo. Kila kipimo kama hicho kilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale maji yalipokuwa ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 pale palipokuwa na ukame. Songea si jangwa, Juni na Julai bila sweta hutoki. Lakini fikiria mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mawingu yanaondoka, jua linapiga, joto la mchana linapanda, na udongo umekauka wakati huohuo. Madhara yanabebana. Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha nchi hii kwa mahindi, kwa hiyo hilo si suala la kijiji kimoja.

Ya pili ni kahawa. Ukielekea magharibi unaingia Mbinga, nchi ya Wamatengo na mashimo yao ya ngoro yanayokamata maji na udongo mlimani. Utafiti wa Craparo na wenzake wa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la usiku iliambatana na kupungua kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Angalia vizuri: joto la *usiku*. Hakuna kamera inayoweza kulipiga picha. Mkulima amelala, mti wake unapoteza.

Na hata kama ungelazimika kubaki Kilimanjaro, shusha kamera kidogo. Maji yanayotumika chini ya mlima hayategemei sana barafu, yanatokana hasa na mvua inayonyesha kwenye msitu. Msitu huo umekuwa ukiungua kwa juu, na mpaka wake wa juu umeshuka. Mkulima wa Moshi ana sababu ya kuuhofia moto wa mlimani kuliko barafu. Lakini moto hauna kofia nyeupe ya kupendeza kwenye kadi ya posta.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la filamu. Ilichagua kinachoonekana na kuacha kinachouma. Kwenye sehemu ya Kilimanjaro tunaona mlima, tunamwona mtafiti na kipande cha barafu. Hatumwoni hata mtu mmoja anayeishi chini yake.

Je, uitazame?

Itazame, na ukiwa mwalimu ionyeshe. Ila simamisha kwenye Kilimanjaro, waulize wanafunzi: sharti la makadirio haya liko wapi? Simamisha kwenye Nairobi, waulize: nani amesoma historia ya mji huu? Ukifika kwenye grafu ya hewa ukaa, acha iende mpaka mwisho. Kisha wape kazi ya nyumbani ambayo Gore hakuitoa: kipima mvua, hata cha chupa ya plastiki iliyokatwa, daftari, na tarehe ya kila mvua kuanzia Novemba. Miaka miwili ya daftari haithibitishi mabadiliko ya tabianchi, inahitajika miaka thelathini hivi. Lakini mwanafunzi atajua tofauti ya kupima na kukumbuka.

Baba mdogo nilimweleza haya yote siku iliyofuata, tukiwa tumesimama pembeni ya shamba. Mahindi na joto alinielewa kabla sijamaliza. Theluji aliniambia niwaachie Wachaga. Kisha akauliza swali jingine, gumu kuliko la kwanza: mwaka huu apande mbegu ya muda mfupi au ileile aliyoizoea? Niliahidi kutafuta jibu la Peramiho, lisilotoka Moshi wala Dar. Bado nalitafuta, na mvua ilirudi siku ya kumi na mbili.