Mti Unaoambiwa: Nyimbo na Matambiko ya Porini katika Unyamwezi

Fasihi simulizi ya Unyamwezi husifiwa mara nyingi kwa nyimbo za wapagazi wa njia ya misafara, na kwa zile za zama za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Sifa hizo ni za haki. Lakini zimeuacha nyuma utanzu mwingine ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku ya watu wa Nzega, nao ni nyimbo na maneno ya porini, yanayoipa miti heshima yake. Tunakusudia kuutazama utanzu huu kama ushairi, kisha tuulize una kazi gani kwetu leo.

Pori la Unyamwezi ni pori la miyombo. Humo ndimo warina asali hupiga makambi yao, na hawaendi mmoja mmoja: huenda na wenzi, wakalala pamoja na kuimba pamoja. Kwa desturi ya wazee, shughuli kubwa hutanguliwa na tambiko. Wahenga hutajwa kwa majina, na unga mweupe uliochanganywa na maji hunyunyizwa. Wayeye nao, yaani chama cha waganga wa nyoka, huingia porini kuchimba dawa, na mafunzo ya wanachama wao wapya huendana na nyimbo. Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro yao ya ukutani mwaka 1953. Mchoro hukaa ukutani ukingoja mtazamaji, lakini wimbo usipopata mrithi hufa na mwimbaji.

Yafaa ieleweke kwamba katika desturi hii mti hauabudiwi. Mti ni mahali ambapo walio hai hukutana na waliotangulia, nao hupewa adabu kama mlango wa nyumba ya mkubwa.

Tukiyatazama maneno yenyewe, jambo la kwanza linalodhihirika ni nafsi. Tambiko husema kwa nafsi ya pili. Mti, pamoja na wale wanaokaa kivulini mwake, ndio wanaoambiwa. Haumo katika kundi la vitu vinavyozungumziwa tu. Jambo la pili ni mapokeo: mmoja hutoa, wenzi hupokea, wala hapana mtu aliyeketi kando kuwa mtazamaji. Jambo la tatu ni majina. Mrina asali hasemi “mti” akanyamaza. Huujua mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na huujua mti ambao gome lake hufaa kwa mzinga. Ushairi huu umejengwa juu ya elimu.

Sasa tuulinganishe na nyimbo za kupanda miti tunazowafundisha wanafunzi shuleni. Nyingi ni za amri: panda, tunza, usikate. Anayeambiwa ni mwananchi. Mti ni kitu, tena hauna jina. Hata kampeni ya “Misitu ni Mali” ya mwaka 1980, iliyowakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, ilibeba hoja yake katika neno mali. Hatukatai kwamba msitu ni mali: chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora, kilichoanzishwa mwaka 1962, ni ushahidi wa kutosha. Lakini mali huuzwa, na mwenye mali anaweza kuitumia hadi ikaisha. Methali yetu, penye miti hakuna wajenzi, nayo huuona mti kama nguzo iliyosimama tu. Wimbo wa porini unatuonyesha uhusiano mwingine, wa deni na adabu.

Hata hivyo mhakiki hana ruhusa ya kupendezwa mno. Mzinga wa gome hupatikana kwa kulibandua gome kuuzunguka mti, na mti huo hufa. Tambiko halikuuzuia mkono huo. Wala halikuwa na nguvu mbele ya matrekta ya mradi wa karanga, yaliyofyeka pori la Urambo, mradi ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Wimbo peke yake hauwezi kuulinda msitu.

Ni wapi, basi, heshima ilipata meno? Jibu liko kwa jirani zetu wa Shinyanga. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika nchi iliyokuwa imekauka. Wataalamu hawakuleta miche tu. Waliirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike, na miti ikaota tena yenyewe. Baraza la kijadi, dagashida, ndilo lililoweka kanuni na adhabu. Baada ya miaka isiyofika ishirini, ngitili zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Hapo adabu ya zamani iliingia katika sheria ya kijiji, nayo sheria ikakubalika kwa kuwa ilisema lugha ya wenyeji.

Hofu yetu ni kwamba nyimbo hizi zitaokolewa kwa njia itakayoziua. Tumeona ngoma ikipandishwa jukwaani, ikafupishwa ili ipendeze wageni, na jina la mti likaondolewa kwa kuwa hakuna jukwaani anayeujua. Mcheza kwao hutunzwa. Wimbo huu kwao ni porini.

Kwa hiyo twawaomba walimu wasiridhike na kukusanya maneno. Mwanafunzi anayeandika wimbo kwa mzee aandike pia mti uliotajwa, mahali unapoota, majira ya kuimba, nani hutoa na nani hupokea; kisha auendee mti huo na kuutambua kwa gome na jani. Asipoupata, aandike kwamba haupo, na aulize umekwenda wapi. Jibu la swali hilo nalo ni sehemu ya wimbo, na hatuna haki ya kuliacha nje ya daftari.