"Marejesho": Neno Moja, Madai Matatu

Miongoni mwa istilahi za fedha zilizoenea katika ofisi zetu, ni chache zilizobebeshwa mzigo mkubwa kama "marejesho". Mtumishi wa halmashauri huko Bunda akilisikia hukumbuka masurufu ya safari, ambayo hana budi kuyatolea hesabu na kurudisha salio. Mwanachama wa kikoba huko Butiama hukumbuka sehemu ya mkopo anayoilipa kila wiki. Mfanyabiashara wa Musoma aliyeagiza mashine kupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha akagundua kwamba ushuru wa forodha ulikokotolewa kimakosa, naye huelekezwa akaombe "marejesho". Kwa wawili wa kwanza fedha hutoka mfukoni. Kwa huyu wa tatu fedha zapaswa kuingia. Neno lenyewe halisemi lolote juu ya tofauti hiyo.

Hatudai kwamba neno hili lina kosa la kisarufi. Limetokana na kitenzi "rejesha", na limeundwa kwa njia ileile iliyotupatia "mafundisho" na "maonyesho". Ila yake ni kwamba linataja tendo bila kumtaja mtendewa. Kiswahili, kwa bahati njema, kina mnyambuliko unaoitimiza haja hiyo: "kurejesha" ni kazi ya mwenye deni, na "kurejeshewa" ni haki ya mwenye dai. Lugha iliyojaliwa silaha kama hiyo haina sababu ya kwenda vitani mikono mitupu.

Madhara ya neno hili huonekana zaidi tunapofungua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo iliandikwa kwa Kiingereza. Humo mna dhana tatu ambazo katika mazungumzo ya ofisini aghalabu huitwa "marejesho" zote. Ya kwanza ni ushuru uliolipwa kwa makosa, au uliolipiwa bidhaa zilizoharibika au kuibwa kabla ya kukabidhiwa. Ya pili ni ushuru uliolipwa kwa halali, lakini ukastahili kurudi kwa kuwa bidhaa zimeuzwa nje. Mfano wake ni kiwanda cha minofu ya sangara kinacholipia ushuru vifungashio, kisha kikapeleka minofu Ulaya katika vifungashio hivyo. Ya tatu ni ushuru ambao Baraza la Mawaziri la Jumuiya limeuondoa au kuupunguza kwa bidhaa za kutengenezea bidhaa nyingine. Katika dhana hii ya mwisho hakuna kinachorejeshwa, kwa sababu kilichoondolewa hakikulipwa.

Huenda msomaji akauliza: je, tofauti hizi si za wanasheria tu? Sivyo. Dai la kwanza hupewa miezi 12 tangu siku ushuru ulipolipwa. Dai la pili nalo hupewa miezi 12, lakini tangu siku bidhaa ziliposafirishwa nje. Mwenye dai la kwanza akisoma maelezo ya dai la pili atahesabu siku kuanzia mahali pasipo pake, na muda utakapokwisha hatakuwa na la kusema. Hapo kosa la istilahi linageuka kuwa hasara ya fedha.

Tutoe mfano mwingine wa tafsiri nyepesi. Sheria inazungumzia bidhaa zilizoharibika wakati wa safari ya kuingia nchini, au zilipokuwa bado chini ya udhibiti wa forodha. Mfasiri akiandika "zilizoharibika safarini" na kuishia hapo, msomaji wa Musoma atafahamu safari yake yote, hadi mlangoni pa duka lake. Vioo vikivunjika barabarani karibu na Bunda, baada ya mzigo kuachiwa na forodha, ataamini kwamba ana dai, kumbe hana. Hasara hiyo ni ya kupelekwa kwa msafirishaji au kwa bima. Hapa maneno machache ya ziada yana thamani kuliko ufupi.

Si ajabu kwamba mkoa huu utukumbushe uzito wa kuchagua neno. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara aliyetegemea shehena zake baharini, aliiita "Mabepari wa Venisi" (1969). Neno "mabepari" lilibeba hukumu, na msanii ana ruhusa ya kuhukumu. Mfasiri wa fomu na sheria hana ruhusa hiyo. Wajibu wake ni kumfikisha msomaji pale sheria ilipo, wala si karibu na hapo.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Dhana ya kwanza iitwe "kurejeshewa ushuru". Ya pili iitwe "kurejeshewa ushuru kwa uuzaji nje". Tusiiite "fidia", maana fidia hudokeza kwamba mtu amedhulumiwa, na hapa hakuna aliyedhulumiwa. Ya tatu ibaki na neno "unafuu wa ushuru", ambalo limekwisha kuzoeleka, nalo litengwe na "msamaha wa ushuru", ambao hutolewa kwa watu na bidhaa zilizotajwa katika jedwali la sheria hiyo. "Marejesho" tuyaachie masurufu na mikopo.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Heshima hiyo imekuja na deni. Walimu, wafasiri na watumishi wenye istilahi bora kuliko hizi na wazilete, tuzipime pamoja.