Kurudi Hyrule: Hamu ya Zamani na Maoni ya Wahakiki juu ya A Link Between Worlds

Ikisiri

Mchezo wa video The Legend of Zelda: A Link Between Worlds ulipotoka mwaka 2013, wahakiki wengi waliupokea kwa sifa, na wengi wao waliupima kwa kuulinganisha na mtangulizi wake wa mwaka 1991. Makala haya yanahoji kwamba kipimo hicho kiliwafanya wahakiki, waliousifu na waliouponda, wasitambue kwamba hamu ya zamani ni dhamira ya mchezo wenyewe, wala si pambo tu. Kwa kutumia dhana za fani, maudhui na mwingilianomatini, makala yanapitia hoja tatu kuu za wahakiki: ramani iliyorithiwa, uhuru wa mchezaji na wepesi wa mchezo.

Utangulizi

A Link Between Worlds ulitolewa na kampuni ya Nintendo mwezi Novemba 2013 katika nchi za Magharibi na mwezi Desemba mwaka huohuo nchini Japani, kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Nintendo 3DS. Mwongozaji wake ni Hiromasa Shikata na mtayarishaji ni Eiji Aonuma. Ni mwendelezo wa A Link to the Past, uliotoka Japani mwaka 1991 kwa mashine ya Super Famicom. Hadithi inatukia katika nchi ileile ya Hyrule, vizazi vingi baada ya matukio ya mchezo wa kwanza, na shujaa ni kijana mwingine mwenye jina lilelile la Link.

Mapokezi yake yalikuwa mazuri. Wastani wa alama zake katika tovuti ya Metacritic ni 91 kati ya 100, na GameSpot waliuteua kuwa mchezo bora wa mwaka 2013. Hata hivyo, alama hueleza kiasi cha kupendwa kwa kazi, hazielezi kinachopendwa. Ukitazama hoja zilizo nyuma ya alama hizo, unakuta mjadala wa zamani katika uhakiki wa sanaa: je, kazi inayorudia kazi nyingine inastahili kupimwa kwa uaminifu wake kwa ya kwanza, au kwa jambo jipya inalolisema?

Ramani iliyorithiwa

Hoja ya kwanza ya wahakiki inahusu ramani. Mpangilio wa Hyrule ya 2013 unafuata kwa karibu sana ule wa 1991: ngome iko katikati, mlima uko kaskazini, jangwa liko kusini-magharibi, ziwa liko kusini-mashariki. Muziki nao, uliosimamiwa na Ryo Nagamatsu, unazifufua nyimbo za Koji Kondo kwa mpangilio mpya. Waliousifu mchezo waliona humo furaha ya kurudi nyumbani. Waliouponda waliona uvivu wa kampuni inayouza kumbukumbu za utotoni kwa watu waliokwisha kuwa watu wazima.

Pande zote mbili zinatoka katika dhana moja, kwamba kinachojulikana hakiwezi kuwa kipya. Fasihi simulizi ya Kiswahili inaonyesha vingine. Hadhira ya ngano haimlaumu fanani kwa kuwa inamjua Sungura. Inajua kwamba Sungura atamzidi Fisi akili. Inachokuja kusikiliza ni namna atakavyomzidi safari hii. Ramani ya Hyrule ina nafasi kama ya mhusika huyo, kwa maana ni kilichotarajiwa ambacho ufundi wa msimulizi hupimwa kwacho.

Na ufundi upo. Katika mchezo huu Link anaweza kujibandika ukutani akawa mchoro bapa, kisha akatembea kando kando ya ukuta kama picha inayojisogeza. Ukuta ambao mwaka 1991 ulikuwa mwisho wa njia, sasa ni njia yenyewe. Mchezaji anayeijua ramani ya kale hugundua kwamba maarifa yake ni kweli ila hayatoshi, kwa kuwa alikuwa akiitazama nchi kutoka juu peke yake. Mchezaji asiyeijua kabisa hujifunza nchi na kuta zake kwa pamoja. Hapo ndipo mwingilianomatini unapofanya kazi pasipo kumfungia mlango mgeni. Mhakiki anayedai kwamba thamani ya mchezo huu iko kwa waliocheza ule wa kwanza tu anawasahau wapokeaji wengi waliokutana na Hyrule kwa mara ya kwanza kwenye skrini hiyo ndogo ya mkononi.

Uhuru wa mchezaji na gharama yake

Hoja ya pili inahusu mfumo wa kukodi zana. Katika michezo mingi ya Zelda iliyotangulia, kila handaki la mafumbo lilificha zana muhimu, na zana hiyo ndiyo iliyofungua sehemu inayofuata. Katika A Link Between Worlds, mfanyabiashara aitwaye Ravio, aliyevaa kofia ya sungura, anafungua duka katika nyumba ya Link na kukodisha karibu zana zote: upinde, mabomu, nyundo, fimbo ya moto na nyinginezo. Link akishindwa na kuanguka, ndege wa Ravio huja kuzichukua zana zilizokodiwa. Baadaye zinaweza kununuliwa moja kwa moja.

Wahakiki wengi waliusifu mfumo huu kwa sababu unamruhusu mchezaji kuchagua mpangilio wa safari yake, jambo lililokumbusha uhuru wa mchezo wa kwanza kabisa wa Zelda wa mwaka 1986. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wachache walipiga hesabu kamili ya gharama yake. Ikiwa mahandaki yanaweza kuingiwa kwa mpangilio wowote, mtunzi hawezi kudhani kwamba mchezaji anayo zana nyingine zaidi ya ile inayohitajika mlangoni. Mafumbo ya handaki la mwisho hayawezi kujengwa juu ya funzo la handaki lililotangulia. Fimbo ya mchanga, ambayo haikodishwi mpaka Osfala aokolewe, ni kighairi kinachothibitisha ugumu huo: mahali pamoja ambapo mtunzi alihitaji utangulizi, ilimbidi ajiwekee sharti.

Kwa lugha ya uhakiki wa fani, mchezo umebadilisha msuko wa mnyororo kwa msuko wa matukio sambamba. Umepata upana, umepoteza upandaji. Hilo ni chaguo la kisanaa lenye faida na hasara. Mhakiki mwadilifu hutaja zote mbili.

Wepesi wa mchezo

Hoja ya tatu, iliyorudiwa na wengi waliokuwa na mashaka, ni kwamba mchezo ni mwepesi. Fedha zinapatikana kwa wingi, hivyo tishio la kupoteza zana halimtishi mchezaji kwa muda mrefu. Ngazi ngumu zaidi hufunguliwa baada ya hadithi kumalizika. Lawama hii ina ukweli, hasa kuhusu fedha: mfumo wa kukodi ungekuwa na uzito kama umaskini ungekuwa jambo la kweli Hyrule.

Hata hivyo, wepesi huo ulipimwa kwa mkono wa nani? Anayeukumbuka mchezo wa 1991 kuwa mgumu mara nyingi anakumbuka ugumu wa utoto wake mwenyewe. Aliucheza akiwa na miaka minane au tisa, na ameupokea mwendelezo akiwa na uzoefu wa miongo miwili. Sehemu ya pengo analoliona kati ya kazi mbili ni pengo kati ya nafsi zake mbili. Uhakiki usiotenganisha mambo haya huishia kuwa tawasifu iliyovaa joho la hukumu.

Hamu ya zamani kama dhamira

Hoja zote tatu zimeyaacha maudhui pembeni. Adui wa hadithi, Yuga, huwageuza watu kuwa picha. Wahenga saba na Binti Mfalme Zelda wanafungwa katika michoro, wazuri na wakamilifu, wasioweza kutenda lolote. Link naye angeishia hivyo, lau si bangili aliyopewa na Ravio, inayomwezesha kutoka ukutani. Ng'ambo ya Hyrule kuna Lorule, nchi pacha inayobomoka, iliyopasuka kwa makorongo. Watu wake waliiharibu Triforce yao wenyewe, chanzo takatifu cha nguvu, ili kukomesha vita juu yake, na nchi ikaanza kufa. Hilda, binti mfalme wa Lorule, anataka kuipora Triforce ya Hyrule ili airudishe nchi yake katika hali ya kale.

Mambo haya hayakuwekwa kwa bahati. Yuga anawakilisha hamu inayogandisha: anakihifadhi kizuri kwa kukinyima uhai. Hilda anawakilisha hamu inayopora: anajenga jana yake kwa leo ya mwingine. Ravio, pacha wa Link aliyekimbia Lorule kwa woga, ndiye anayemsihi Hilda aache. Mwishoni Link na Zelda wanaigusa Triforce ya Hyrule na kuomba ya Lorule irejeshwe. Kilichopotea kinarudi kwa hisani, bila kuporwa kwa mtu.

Kwa hiyo mchezo uliotuhumiwa kwamba umeuza kumbukumbu una maoni yake kuhusu kumbukumbu. Unaruhusu kurudi, ila kwa sharti la kutoka tena katika picha.

Hitimisho

Maoni ya wahakiki juu ya A Link Between Worlds yalikuwa sahihi katika mengi: ramani ni ya kurithi, uhuru ni wa kweli, fedha ni nyingi kupita kiasi. Kasoro ilikuwa katika kipimo. Wengi waliuliza kama mchezo umewarudisha walikotoka, wachache waliuliza mchezo wenyewe unasema nini kuhusu kurudi.

Suala hili lina uzito kwa sasa. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS lilifungwa kwa mauzo mwezi Machi 2023, na anayeutaka mchezo huu kwa kifaa chake cha asili hana budi kutafuta kadi iliyokwisha kutengenezwa. Kazi iliyohusu zamani imekuwa ya zamani. Mahali ambapo kazi yenyewe ni vigumu kuifikia, uhakiki ndio unaobaki ukisomwa kwa niaba yake. Wahakiki wa Kiswahili wanaoanza kuuingiza utanzu huu katika taaluma yao hawana Super Famicom ya utotoni ya kuitetea wala kuiombolezea. Hiyo si pungufu kwao. Ni nafasi ya kuisoma kazi kwa yaliyomo ndani yake.