Mababu wa Mtoto wa Kiganjo: Nafasi Milioni, Watu Wachache

Kila mtu ana wazazi 2, mababu na manyanya 4, na juu yao watu 8. Idadi huongezeka maradufu kila kizazi: kizazi cha 10 kina nafasi 1,024, na cha 20 kina nafasi 1,048,576. Kwa mtoto wa Kikuyu aliyezaliwa Kiganjo, karibu na Thika, mwaka 2000, kizazi kimoja kikikadiriwa kuwa miaka 28, kizazi hicho cha 20 kinaangukia mwaka 1440 hivi. Hapo hesabu inakwama. Sensa ya mwaka 1948 ilipata Wakikuyu takribani milioni 1. Karne tano kabla yake hawangeweza kufikia idadi hiyo, sembuse wote kuwa mababu wa mtoto mmoja.

Kinachoongezeka maradufu ni nafasi, si watu. Mtu yule yule hushika nafasi mbili, kumi au elfu, kwa sababu waliooana walikuwa ndugu wa mbali bila kujua.

Mila ya Kikuyu ilikataza kuoana ndani ya muhiriga (ukoo) mmoja, na huenda mtu akadhani katazo hilo linazuia marudio. Linayachelewesha tu. Mihiriga huhesabiwa kuwa kenda kamili, yaani tisa na mmoja wa kujazia, na mtu hufuata wa baba yake. Kizazi cha 4 kina watu 16, kila mmoja na muhiriga wake. Kumi na sita hawagawanyiki katika mihiriga kumi bila baadhi kurudiwa, hata kama kila ndoa ilifuata mila. Zaidi ya hapo, undugu unaopitia kwa mabinti hubadili muhiriga katika kila ndoa. Baada ya vizazi kadhaa hakuna anayeufuatilia. Ndoa za wake wengi nazo huongeza marudio: mume mmoja hushika nafasi ambazo vinginevyo zingegawanywa kati ya wanaume kadhaa, kwa hiyo wahenga wa kiume huwa wachache kuliko wa kike.

Makadirio ya idadi ya watu tofauti katika nafasi hizo hufanywa hivi. Huchaguliwa idadi ya watu waliokuwa wakioana wao kwa wao, tuseme 20,000 wasiopungua wala kuongezeka (idadi ya mfano tu), kisha kila mhenga hupewa wazazi wawili kwa bahati nasibu kutoka kundi hilo. Katika kizazi cha 10 hupatikana watu tofauti wapatao 974 katika nafasi 1,024. Marudio bado ni machache. Kizazi cha 14 huwa na watu wapatao 8,700 katika nafasi 16,384. Kufikia cha 20, nafasi zimepita milioni, lakini watu ni karibu 15,900 na hawaongezeki tena kwa maana. Idadi hutulia kwenye asilimia 80 hivi ya kundi zima. Asilimia 20 iliyobaki ni wale ambao kizazi chao kilikatika.

Bahati nasibu hiyo ni kasoro ya mfano, maana watu wa kale walioa kwa majirani, kwenye mgongo wa kilima wa pili au wa tatu, si popote. Marudio halisi basi yalianza mapema kuliko hesabu inavyoonyesha. Upande wa pili kuna Thika yenyewe. Reli ilifika mwaka 1913, na mashamba ya mkonge na kahawa, kisha viwanda, yakavuta wafanyakazi kutoka Ukambani, magharibi mwa Kenya na kwingineko. Mtoto mwenye nyanya mmoja kutoka Ukambani huchota robo ya nafasi zake kwenye kundi jingine, na kikomo cha mababu zake hupanda.

Mwaka 1999 mtaalamu wa takwimu Joseph Chang alithibitisha kihesabu kwamba, katika kundi linalooana kwa nasibu, hufika kizazi ambapo kila aliyeacha uzao ni mhenga wa watu wote walio hai leo. Kwa kundi la watu 20,000 ni vizazi 25 hivi, yaani miaka 700. Kwa mfano huo, watoto wawili wa Kiganjo wa mihiriga tofauti, mmoja wa Anjiru na mwingine wa Ambui, wana orodha ile ile ya wahenga wa wakati huo. Tofauti iko tu katika mara ngapi kila jina linajirudia.